Hema Halifii Porini, Linafia Stoo

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa kufunga msimu wa kikundi chetu cha wapiga kambi. Tunaiweka hapa yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Mwenyekiti, viongozi wa kikundi, wazee wetu mliotutangulia kulala porini, na ninyi vijana mliopiga kambi kwa mara ya kwanza msimu huu: habari za jioni.

Nashukuru kwa nafasi hii. Najua wengi wenu mmerudi juzi tu, na mabegi bado yameegemea ukuta nyumbani vilevile mlivyoyatua. Ni kwa ajili ya mabegi hayo nimesimama hapa.

Naomba niwaulize. Kifaa chako cha mwisho kuharibika, kiliharibikia wapi? Usinijibu haraka, kumbuka kwanza. Upepo ulilichana hema? Mto ulichukua viatu? Mimi nimetunza vifaa vya kikundi hiki kwa miaka 11. Katika muda wote huo upepo umetunyang'anya hema moja. Moja tu. Mengine yote, pamoja na mifuko ya kulalia, majiko na tochi, yaliharibikia nyumbani, yakiwa yamekunjwa vizuri, na mwenyewe akilala usingizi akiamini yako salama. Hema halifii porini, ndugu zangu. Linafia stoo.

Nianze na lile hema la kijani. Wakongwe mnalikumbuka: la watu wanne, lenye baraza mbele ambako tulikuwa tunaacha viatu. Asubuhi ya mwisho ya safari ile kulikuwa na umande mzito, gari linasubiri, tukalikunja likiwa limelowa. Hilo halikuwa kosa. Porini mara nyingi huna hiari. Kosa lilifanyika nyumbani kwangu. Nililiweka sakafuni stoo nikasema nitalianika kesho. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki, msimu ukafungwa, nikalisahau. Miezi minane.

Siku nilipolifungua, kilichonifikia kwanza ni mlio, kama wa plasta inayobanduliwa kwenye mkono wenye vinyweleo. Kitambaa kilikuwa kimegandana tabaka kwa tabaka. Nikivuta, kinaachia polepole na kuniachia utando unaonata vidoleni. Kisha ikaja harufu, ya matapishi ya mtoto mchanga, niwieni radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kona ya sakafu ya hema kulikuwa na madoa meusi madogo madogo, kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Nilipokikung'uta kile kitambaa, magamba meupe yakadondoka miguuni pangu. Hayo magamba ndiyo yaliyokuwa yanazuia mvua.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtu akielewa sababu hahitaji kukumbushwa kila mwaka.

Nailoni ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1935, katika maabara za kampuni ya DuPont huko Marekani, mikononi mwa mkemia Wallace Carothers na wenzake. Kabla ya hapo wapiga kambi wengi walilala ndani ya mahema ya pamba. Pamba ni chakula cha kuvu, na ndiyo maana wazee walikuwa wakali sana juu ya kuanika turubai. Sisi tukapata nailoni na poliesta tukadhani tumesamehewa kazi hiyo. Hatukusamehewa. Kitambaa cha nailoni peke yake hakizuii maji. Kinachozuia ni utando mwembamba uliopakwa juu yake, na kwa mahema mengi utando huo ni wa poliurethani, aina ya plastiki. Unyevu ukikaa juu ya poliurethani kwa muda mrefu, hasa penye joto, maji huanza kuikatakata minyororo ya kemikali inayoushikilia utando. Wanakemia wanaita haidrolisisi. Mimi naita kuoza, kwa sababu ndivyo pua inavyosema. Na utando ukishafika kwenye kunata, haurudi tena. Hakuna sabuni ya kuurudisha, hakuna jua la kuurudisha.

Na kuvu nayo? Kuvu haihitaji kula nailoni. Inakula ulichokiacha juu yake: vumbi, jasho, kipande cha jani, tone la mchuzi. Inachotaka zaidi ya hapo ni unyevu, giza na wewe kutokuwepo. Stoo inaipa vyote.

Kwa hiyo neno la kwanza ni kukausha. La pili ni kukausha. Nikipewa neno moja tu la kuwaachia usiku huu, ni hilo hilo. Siku unayofika nyumbani, kabla hujaoga, fungua mfuko wa hema. Kama huna uwanja, litandaze juu ya viti, juu ya mlango, juu ya kamba sebuleni. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini pale penye tope na utomvu. Usiliingize kwenye mashine ya kufulia. Mashine inakwangua utando na kulegeza tepu za mishono. Lianike kivulini penye upepo. Jua kali nalo linakula nailoni, kwa hiyo hema lisishinde juani siku tatu kwa jina la kukauka.

Na ukisema limekauka, hakikisha limekauka. Kiganja kinadanganya, kwa sababu kitambaa baridi na kitambaa chenye unyevu vinafanana mkononi. Mimi huweka shavu. Naweka shavu kwenye mishono, kwenye zile kanda nene zinazoshika vigingi, kwenye ncha za mifereji inayopita fito, na kwenye kona za sakafu. Hizo ndizo sehemu zinazokauka mwisho. Kitambaa cha juu kinaweza kuwa kikavu tangu mchana na kanda ya kigingi bado ina maji ya juzi. Nikiona shaka, naliacha usiku mwingine. Hema halijawahi kuharibika kwa kukaa sebuleni siku moja zaidi.

Ndugu zangu, huo unyevu ndio adui wa kwanza. Niende kwenye adui wa pili, ambaye ni joto.

Mwaka 2017, wahifadhi wa Antarctic Heritage Trust, shirika linalotunza mabaki ya misafara ya zamani, waliokuwa wakishughulikia vitu vya kale kutoka Cape Adare, kule Antaktika, walikuta keki ya matunda ndani ya kopo la bati. Inaaminika iliachwa na watu wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott ulioanza mwaka 1910. Keki ya zaidi ya miaka 100. Kopo lenyewe lilikuwa limeliwa na kutu vibaya, lakini keki ilikuwa imefungwa kwenye karatasi yake, na wahifadhi walisema ilionekana na kunukia kama kitu kinachokaribia kulika. Nani aliitunza? Hapakuwa na mtu. Baridi ndiyo iliyoitunza. Baridi ilipunguza mwendo wa kila kinachoozesha.

Sisi hatuna Antaktika nyumbani. Lakini fikirieni tunaweka wapi vifaa vyetu. Kwenye dari chini ya bati linalochemka mchana. Kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Nyuma ya jokofu, panapotoka hewa ya moto. Tunachagua sehemu zenye joto kuliko zote ndani ya nyumba, kwa sababu ndizo sehemu tusizozitumia! Uvungu wa kitanda ni bora kuliko dari. Rafu ya chumbani ni bora kuliko gereji. Penye joto dogo na pakavu, panapofanana na mahali ambapo wewe mwenyewe ungekubali kulala mchana, hapo ndipo pa kuweka hema. Na chochote usikilaze moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Saruji inapitisha unyevu kutoka chini. Weka ubao, weka vipande viwili vya mbao, upepo upite.

Viatu vinaingia hapahapa. Viatu vingi vya kupandia milima vina tabaka la poliurethani katikati ya soli, lile linalofanya mguu usikie laini. Nalo linaoza kwa unyevu na joto kama utando wa hema, hata kama kiatu hakijavaliwa. Mwenzetu mmoja, yuko hapa na amenipa ruhusa niseme, alinunua viatu vizuri sana, akavaa mara mbili, akaviweka kwenye boksi kwa miaka mingi akivionea huruma. Tulipoanza kupanda, kabla hata ya saa mbili za kutembea, soli ya kulia ikaachia kisigino na kuanza kupiga chini kama mdomo wa bata. Akainama kuishika, ikavunjika mkononi kama mkate mkavu. Tulifunga kwa kamba akarudi chini polepole. Waswahili wanasema akiba haiozi. Kiatu kinaoza. Kivae. Kivae hata kwenda sokoni. Na kabla ya safari, bonyeza soli kwa kidole gumba pande zote; ukiona inabonyea bila kurudi au inatoa nyufa, usiende nacho. Kabla ya kukihifadhi toa soli ya ndani, toa tope lote, jaza magazeti ndani yanyonye unyevu, na usikikaushe kando ya moto, maana gundi inaachia na ngozi inapasuka.

Adui wa tatu ni kubana. Huyu watu wengi hawamjui, kwa sababu amevaa sura ya unadhifu.

Mfuko wa kulalia unatupa joto kwa sababu ya hewa. Manyoya laini ya bata, au nyuzi za kutengenezwa kiwandani, kazi yake ni kushika hewa tu. Ukiuona umevimba kama andazi, hiyo ndiyo blanketi yako. Ukiusindilia kwenye kile kifuko chake kidogo, kinachofaa kabisa safarini, na ukauacha humo miezi sita, manyoya yanalala yakazoea kulala, na nyuzi zinavunjika mikunjo yake ya asili. Nyuzi za kiwandani huumia hata zaidi kuliko manyoya. Unautoa, unaukung'uta, hauvimbi. Usiku wa kwanza mlimani unatetemeka na kusema mwaka huu baridi imezidi. Baridi haijazidi, mwenzangu. Uliunyima mfuko pumzi.

Uninginize kabatini. Kama nafasi hakuna, uweke kwenye mfuko mkubwa wa pamba, hata foronya ya mto mkubwa inatosha, uingie bila kusindikwa. Hema pia lihamishe kutoka kwenye kifuko chake lilale kwenye foronya, limekunjwa kwa ulegevu, na kila mwaka mikunjo ipite mahali tofauti. Magodoro yanayojijaza hewa, yale yenye sponji ndani, yalale wazi yakiwa yametandazwa, uvunguni au nyuma ya kabati, na vali ifunguliwe. Vali ifunguliwe! Narudia kwa sababu pumzi ya mdomo wako imebeba maji, na maji hayo yamo ndani ya sponji sasa hivi tunapozungumza.

Fito za hema zina kamba ya mpira ndani. Unapozikunja anzia katikati, ukielekea pande zote mbili, ili mpira usivutwe upande mmoja. Zipu zisugue kwa mswaki wa zamani utoe mchanga, kwa sababu mchanga ndio unaoila meno. Sufuria, visu, vigingi: osha, kausha, pakaza mafuta kidogo kwenye chuma, tuendelee.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hili halihusu kuharibika kwa vitu. Linahusu watu.

Makopo ya gesi. Ndani yake kuna butani na propani kwa michanganyiko tofauti, na gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa. Kopo likivuja, gesi haipandi juu ikatoka dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya penye bonde au chumba cha chini, na kusubiri cheche. Sasa niambieni, kopo lenu liko wapi leo? Liko chini ya kitanda cha watoto? Liko kwenye boksi pamoja na kiberiti na mishumaa, kwa sababu vyote ni "vya jikoni"? Mama mmoja wa kikundi chetu aliingia stoo jioni kutafuta ufagio, akasikia harufu kwa mbali. Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Hakuiwasha. Alirudi nyuma, akafungua milango yote, akatoa watoto nje. Jiko letu lilikuwa limehifadhiwa likiwa bado limefungwa kwenye kopo lake, na vali haikuwa imekaza sawasawa. Kila ninapomwona yule mama kwenye mikutano, na leo yupo, nashukuru ule mkono uliosita.

Kwa hiyo jiko lisihifadhiwe kamwe likiwa na kopo. Kamwe. Makopo yakae nje ya vyumba vya kulala, juu ya ardhi, penye hewa inayopita, mbali na jua na moto. Kwenye kopo lenyewe pameandikwa lisizidi nyuzi joto 50, na buti la gari lililoachwa juani linaweza kufika huko. Ukitaka kujua gesi iliyobaki, pima kopo kwenye mizani ya jikoni, toa uzito wa kopo tupu kama lile, na jibu uliandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Kwa majiko ya mafuta, mwaga mafuta ya zamani mahali panaporuhusiwa na ulainishe mpira wa pampu. Petroli iliyolala inaacha gundi kwenye tundu la mdomo wa jiko.

Betri ni hivyo hivyo. Toa betri kwenye kila tochi. Betri za alkali zikilala muda mrefu zinavuja, na kile chumvi cheupe unachokiona kwenye spring kimetokana na alkali inayokula chuma na kuchoma ngozi. Kisafishe kwa pamba yenye siki kidogo, umevaa glavu. Taa na benki za umeme za kuchajia simu zenye betri za lithiamu zisilale zikiwa tupu wala zikiwa zimejaa. Ziache karibu na nusu, na kila baada ya miezi mitatu hivi uziangalie.

Sasa mpangilio. Wengi mlidhani ndiyo mada nzima, na mimi nimeuchelewesha makusudi, kwa sababu kupanga vitu vyenye unyevu ni kupanga maziko yake.

Zamani tulikuwa tunapanga kwa ukubwa. Vikubwa chini, vidogo juu, inapendeza machoni. Matokeo yake tulifika kambini saa moja jioni bila nyundo, bila vigingi, na mvua inakuja, kwa sababu vigingi vilikuwa kwenye boksi la "vidogo" lililobaki nyumbani. Tulifunga hema kwenye mawe usiku ule. Tangu siku hiyo tunapanga kwa kazi. Boksi moja la kulala, moja la kupika, moja la mwanga na matengenezo, moja la maji na huduma ya kwanza. Kila kinachohitajika kwa kazi moja kinakaa pamoja, hata kama ni kidogo kama sindano. Chukua maboksi yanayoonesha ndani, yenye mfuniko unaobana, kwa sababu panya hutoboa mfuko wa hema kwa ajili ya peremende moja iliyosahaulika mfukoni. Toa chakula chote. Chote, hata chumvi, inavuta unyevu. Chupa na mifuko ya maji ikauke na ilale mfuniko ukiwa wazi.

Ndani ya mfuniko wa kila boksi bandika karatasi. Upande mmoja andika vilivyomo. Upande wa pili, na huu ndio ulionisaidia kuliko wote, andika mambo matatu siku ya kurudi: kilichoharibika, kilichoisha, na kilichobebwa bila kutumika. Andika siku hiyo hiyo, wakati mgongo bado unakumbuka uzito. Baada ya miezi sita hutakumbuka kwamba zipu ya kushoto ilikuwa inakwama. Utaikumbuka usiku, mbu wakiingia.

Na kilichoharibika kishonwe kabla hakijaingia boksini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la cheche lenye ukubwa wa punje ya mtama linazibwa kwa kiraka na dakika tano. Likikunjwa na kukunjuliwa msimu mzima, linakuwa mpasuko wa kiganja. Dawa za huduma ya kwanza zitoe, soma tarehe za mwisho, na uziweke ndani ya nyumba penye ubaridi hadi safari ijayo.

Nimalizie kwa kuwaomba msogee pale mlangoni kabla hatujaenda kwenye chai. Kuna meza, na juu yake kuna mahema mawili. La kulia ni la mzee wetu aliyekaa mstari wa mbele. Amelitumia miaka 19, na halijawahi kulala limelowa nyumbani kwake. La kushoto ni lile la kijani, la miezi minane. Sikulitupa. Yaguseni yote mawili, na lile la kijani lifungueni polepole mlisikie.